Sababu: Sijui

Benchi la tatu,
Nje ya wadi ya watoto.
Jumanne, 20 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada aliyekuogesha kwenye karai. Hujambo huko kambini, wewe na tingatinga lako? Mgongo umepoa, au bado unashuka kwenye mashine kwa awamu, mguu leo na kiuno kesho? Unakula chakula cha kupikwa, au mngali mnaishi kwa mkate na soda? Mimi mzima, ila macho yanadai miwani na miguu inadai kiti. Mama mkubwa naye hajambo. Meno yake ya bandia ameyafungia kabatini, anasema yana nia mbaya naye. Ndio ukoo wetu huo, hatuamini hata meno.

Kabla hujaendelea, rudi uitazame bahasha. Nitaishona kwa uzi mwekundu, mishono kumi na minane, kwa sababu gundi siiamini, na dereva wa lori la kampuni yenu ndiye simwamini kabisa. Mtu anayecheka kabla hujamaliza kumsalimu ana lake jambo. Ukikuta mishono imepungua, ujue barua imesomwa njiani.

Sasa keti chini. Binti yako amelazwa, leo siku ya tisa. Yu hai, anaongea, anatoa amri kama kawaida yake. Najua la kwanza utakalouliza ni mfupa gani, maana tangu azaliwe na ile mifupa yake ya kuvunjika kama njiti za kiberiti, sisi sote tukisikia hospitali tunawaza mfupa. Safari hii hakuvunjika. Ni damu. Daktari anasema ni saratani ya damu, na anasema ina dawa. Hayo mawili yashike pamoja, usishike moja ukaangusha jingine.

Jumapili ulipopanda kwenye kilima chenu cha mtandao ukanipigia, nilikuambia mtoto ana homa kidogo, nikakata simu nikisingizia mteja. Nilikudanganya. Sikuwa dukani, nilikuwa kwenye benchi hili hili. Nilishindwa kusema kwa mdomo, na tena barua yangu ya mwezi wa sita uliiamini kwa sababu ilikuwa karatasi. Basi na hii ya kuifuta iwe karatasi, uziweke pamoja.

Unakumbuka nilichokuandikia. Nilikuambia mkeo anampiga mtoto.

Wewe unalijua lile daftari la jalada la bluu. Daktari wa mifupa alimwagiza mkeo aliandike tangu mtoto ana siku kumi: tarehe, mahali, sababu. Miaka saba hajaruka hata siku moja. "Paja la kulia, aligeuzwa kitandani." "Mkono wa kushoto, alipiga chafya ameegemea meza." "Kidole, alishangilia sana." Tulikuwa tunalisoma tukicheka huku tunafuta machozi. Hata jina lake la Taratibu lilitokana na mambo hayo, kwa kuwa kila aliyemsogelea alionywa "taratibu!", mpaka likawa neno lake la kwanza kutamka.

Basi mwezi wa tano nililichungulia lile daftari mkeo akiwa uani. Nikakuta mambo mapya. "Michubuko, mguu wa kulia. Sababu: sijui." Siku nne mbele, "Michubuko, bega. Sababu: sijui." Halafu mgongo, halafu paja. Nikahesabu sijui kumi na moja, na mfupa uliovunjika hakuna hata mmoja.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniletea gauni limechanika, nikamwuliza limechanikaje, akajibu sijui, mimi hapo hapo najua kuna mtu kalichana. Dalili ya mvua ni mawingu. Mama anayejua chafya ya mwaka juzi ilivunja mfupa gani, leo asijue nani kamchubua mwanawe? Nikazinakili zile sijui zote kumi na moja kwa mwandiko mzuri, nikakupelekea.

Nawe ukamwandikia mistari mitatu. Naijua, kwa sababu barua zako hupitia dukani kwangu, na wewe bahasha hukuishona. "Mfupa mmoja mwingine ukivunjika mikononi mwako, hesabu hapo ndipo ndoa yetu ilipoishia." Kisha ukaacha kumpigia simu. Sitakuficha, nilifurahi. Nilijiona nimeokoa mtoto.

Tangu siku ile nikawa polisi bila mshahara. Nikaenda kwako bila hodi, asubuhi leo, adhuhuri kesho. Nikanusa sufuria, nikatazama mwiko kama una ufa. Nikamtega mtoto kwa peremende, nikamwuliza nani anakuumiza. Akanitazama na yale macho yake yenye weupe wa kibluu, akasema, "Shangazi, hata wewe ukinishika panakuwa bluu. Tukuandike na wewe?"

Nilicheka nikaona amefundishwa kujibu.

Kwa nini nilicheka, Mungu ananijua. Wiki iliyotangulia nilimpima gauni. Siku ya pili yake nikaona mstari wa bluu kiunoni mwake, umenyooka, upana sawasawa na futi yangu ya kupimia. Niliuona, na futi yangu naijua kuliko uso wangu. Nikajiambia ni mpira wa chupi umembana, tena mama mtu ndiye aliyemnunulia ndogo. Hivyo ndivyo nilivyo, mdogo wangu. Kila kitu nilikipatia sababu, na kila sababu nikaipatia mtu.

Na gauni lenyewe lilinisemesha. Mara mbili nimelifumua kiunoni kwa sababu tumbo lilikuwa linakua, huku mikono inazidi kuwa myembamba ndani ya mabega yale yale. Kwenye daftari langu la vipimo niliandika kwa kujiamini kabisa: "Kiuno kimezidi inchi mbili na nusu. Anashibishwa vyakula ovyo." Mpiga Pasi, mzee yule anayepiga nguo pasi nyuma ya duka langu, alilishika lile gauni akaligeuzageuza akasema, "Mtoto anakonda juu ananenepa chini, hii si shibe." Nikamwambia atazame makaa yake. Akasema, "Wewe mama ukiona moshi, unamtafuta wa kumshtaki kwanza, ndoo ya maji baadaye." Nikamnunia siku mbili.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Tarehe 16 Julai goti lilimuuma usiku kucha. Mkeo alilifunga kwa vibanzi na kitambaa kama tunavyofanya siku zote, halafu asubuhi akataka kumpeleka hospitali, kwa sababu halikuvimba kama linavyovimba lililovunjika na lilimtia wasiwasi. Nilimkuta mlangoni kamvisha viatu. Nikamwambia, "Mpeleke tu, wifi. Na mimi nakuja na daftari lako niwasomee madaktari, na polisi wakae pale wasikilize." Alinitazama. Akamvua mtoto viatu, kimoja, cha pili, akarudi ndani.

Akakaa naye nyumbani tangu siku ile hadi tarehe 12 Agosti. Karibu wiki nne. Homa inakuja inaondoka, mtoto anapauka, mama anaandika sijui, anaogopa kutoka. Mimi napita mlangoni nahesabu.

Siku tuliyokwenda, mtoto alipiga mswaki ufizi ukatoka damu isikatike. Nilifuatana nao. Usidhani ni huruma. Nilifuatana nao nikatoe ushahidi.

Daktari wa watoto ni dada mmoja mdogo kwa umri, kavaa raba. Nikamshuku hapo hapo, daktari gani anavaa viatu vya kukimbilia? Alimsikiliza mtoto, akaomba daftari, akasoma. Akafika kwenye kurasa za mwisho, akasema, "Mama, hapa umeandika sijui mara nyingi." Mimi nikainuka kitini. Nikasema, "Ndiyo, Daktari! Hapo hapo! Mwulize vizuri!"

Akasema, "Simhoji, dada. Namshukuru. Mtu anayeogopa lawama hujaza sababu. Angeandika ameanguka, ningeamini, kwa mifupa hii nani asingeamini? Ningempa dawa ya maumivu warudi nyumbani. Ameandika sijui, na kila aliposema sijui hakuna mfupa uliovunjika. Basi kuna kitu kingine."

Akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, polepole, upande wa kushoto. Akauliza kama siku hizi nguo zinambana kiunoni. Mkeo akasema hajui, nguo zake hushonwa na shangazi yake. Wote wakanigeukia. Daftari langu la vipimo lilikuwa mkobani, mdogo wangu. Nililitoa kama mwizi anayerudisha mali. Daktari alisoma vile vipimo vitatu, na ile sababu yangu chini yake, akanirudishia. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Kisha akamwuliza mkeo kwa nini walichelewa kumleta. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Alijibu, "Tulidhani ni mfupa." Hakugeuka kunitazama. Na mimi nikaliacha jibu hilo lipite.

Tabia haiishi siku moja, nilianza kuwashuku wao. Walimtoa vichupa vinne vya damu, mtoto wa kilo kumi na nne! Nikamfuata mhudumu hadi maabara nione wanaipeleka wapi, wakanifungia mlango. Nikarudi nalalamika. Taratibu akaniambia, "Waache, shangazi, itakuja nyingine." Ikaja kweli, ya kuongezewa, na nikasoma jina kwenye mfuko mara tatu nikihofia wamekosea mtu.

Nikueleze kama nilivyoelezwa. Ndani ya mfupa mna uboho, ndio kiwanda cha damu. Cha Taratibu kimekuwa kinatoa chembe mbovu kwa wingi, zile nzuri zinakosa nafasi. Ndiyo sababu mifupa iliuma bila kuvunjika, akawa anachubuka kwa kuguswa tu, na bandama ikavimba mpaka ikasukuma gauni. Nilimwuliza daktari kama ile mifupa ndiyo iliyoizaa saratani. Alisema hajui, watoto waliopatwa na yote mawili ni wachache mno, na hawezi kunitungia jibu. Anachojua ni kwamba ugonjwa wa kwanza uliuficha wa pili. Nilitaka kumwambia kuwa ulikuwa na msaidizi.

Ili kuhakikisha, ilibidi wachome sindano kwenye mfupa wa nyonga wavute uboho kidogo. Nyonga ile! Wauguzi waliogopa hata kumgeuza. Ndipo nikamwona mkeo, na nilikuwa sijawahi kumwona. Aliwapanga wauguzi watatu kama mwalimu wa gwaride. Viganja wazi, hakuna kushika kwa vidole. Mto chini ya kiuno kwanza, kichwa mwisho. Na kabla ya kumwinua useme "taratibu", usubiri mwenyewe ajibu "nakubali". Muuguzi mmoja aliinua bila kungoja, Taratibu akapaaza sauti, "Sijakubali!" Wakamrudisha chini wakaanza upya. Sindano iliingia, ikatoka, hakuna kilichovunjika. Mikono ile ndiyo niliyokuandikia kwamba inampiga mtoto. Nilitoka nje nikalia hapa kwenye benchi, na sikuona haya kwa wapita njia.

Sasa ndilo jambo lenyewe linalonifanya nikuandikie. Matibabu ni ya miaka, si ya wiki. Na katika dawa hizo iko moja ambayo ni nguzo ya kuufukuza ugonjwa, na hiyo hiyo hudhoofisha mifupa. Daktari hakutuficha. Alisema huenda akavunjika hata akilala, lakini bila tiba hatafika mwakani. Dawa zinatakiwa zianze Ijumaa. Fomu ya kukubali anayo mkeo tangu jana asubuhi. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego, sikuupata. Mtego umo kwenye barua yako. Aliniuliza, "Wifi, nikisaini akavunjika, mdogo wako si alishaniambia?" Ameiweka fomu chini ya mto wa mtoto, na mistari yako mitatu ameikunja ndani yake.

Kwa hiyo lori likifika Alhamisi, acha tingatinga liungurume peke yake, panda kilimani. Usinipigie mimi. Mpigie mkeo. Mwambie mfupa ukivunjika mtauandika pamoja. Na kama kuna mtu wa kuhesabiwa makosa, mtaje dada yako. Mdomo wangu ndio ulioponza nyumba yako, wewe kosa lako ni kuniamini bila kuuliza swali moja.

Taratibu amesema nikuandikie hivi, nami nanukuu: ukija usimbebe kabla hajakubali, na uje na kitu chochote ila si peremende, kwa sababu peremende za watu wakubwa zina maswali ndani.

Najua swali lililo mdomoni mwako. Atapona? Nimemwuliza daktari kwa njia saba, nikimzungukia huku na huku nione kama atajikwaa. Anasema watoto wengi wenye saratani hii hupona, ila wenye mifupa kama ya huyu hajawahi kumtibu hata mmoja, kwa hiyo hataki kuniahidi. Maisha yangu yote nimekuwa na sababu ya kila kitu na jibu la kila mtu. Sasa naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mdogo wangu: sijui.

Nisalimie mpishi wenu wa kambini, na yule fundi makanika aliyekuundia kitanda. Mama mkubwa anakusalimu, anasema akija hospitali atakuja na meno. Mpiga Pasi anakusalimu pia. Nilimwomba radhi, akasema amesikia, akaendelea na shati.

Mungu akubebe kama mkeo anavyombeba mtoto, kiganja wazi, bila haraka.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Dada yako Fundi.

Nyongeza, saa kumi jioni.

Nilikwisha kuishona bahasha, mishono yote kumi na minane, halafu roho ikakataa. Mara ya kwanza niliandika habari za mtu bila yeye kuziona. Nikaifumua, nikampa wifi asome. Alisoma amesimama dirishani, ukurasa baada ya ukurasa, nami nikimkodolea macho nikitafuta hasira usoni mwake. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Alisema tu, "Goti lilikuwa tarehe 16, wifi, si 14." Akaomba kalamu akasahihisha, ndiyo maana hapo utaona pamekatwa.

Kalamu hakuirudisha. Aliichomoa ile fomu chini ya mto, akaondoa mistari yako akaniachia mkononi, akasaini, akaipeleka kwa daktari mwenyewe. Hakukungoja. Piga simu hata hivyo.

Bahasha ameishona yeye, kwa sindano yangu. Mishono ni kumi na mitatu na imekwenda upande, angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha. Usimshuku dereva. Nimeiacha ilivyo.